Mtoto mpole

Wifi yangu kajifungua wiki tatu zilizopita huko Tanga, mtoto wa kike, na tangu hapo simu yangu hailali. Saa nane za usiku inatetemeka chini ya mto, naifungua nakuta voisi, "wifi, anapiga chafya, hii ya sita sasa, si mafua haya?" Namjibu nusu usingizini, nageukia upande wa pili, saa kumi inakuja nyingine, kwikwi. Siku ya nne ndo ilikuwa kali kuliko zote mana hakutuma voisi, alipiga kabisa huku analia, kakuta damu kwenye nepi, kidogo tu imechanganyika na ute, mtoto wa siku nne jamani damu ya nini. Nkamwambia kaa chini, kunywa maji kwanza. Mtoto alipokuwa tumboni alikuwa anapata homoni zako, sasa katoka zimekatika ghafla, kwa baadhi ya watoto wa kike inatoka hivyo tone mbili tatu na siku chache mbele inakata yenyewe. Ikiwa nyingi au haikati, hapo kamuoneshe. Na hata matiti yake yakivimba, awe wa kike au wa kiume, asije mtu akayakamua eti amtoe maziwa, yaache yatanywea. Akakaa kimya kidogo, alafu akasema taratibu, "kumbe, mana kuna shangazi hapa ashaanza kuyakamua."

Simcheki. Mimi mwenyewe miaka saba iliyopita nilikuwa hivyo hivyo, tena mbaya zaidi, na nikikumbuka naona nilikuwa naogopa kila kitu isipokuwa kile kimoja cha kuogopwa.

Tulikuwa Mbagala, chumba na sebule, mwezi wa kwanza, lile joto la Dar ambalo hata feni inakupulizia hewa ya moto. Mama mkwe alikuja kutoka Muheza na nazi kiroba kizima, kifurushi cha pilipili manga na iliki kwa ajili ya uji wa mzazi, na begi la nguo za mtoto alizokuwa amezitunza tangu mume wangu na mdogo wake wakiwa wachanga, hilo begi mlikumbuke. Mtoto alipewa jina la marehemu baba mkwe, kwa hiyo kwa bibi yake yule alikuwa mume, na ndivyo alivyokuwa akimwita, "mume wangu kaamka? mume wangu kala?"

Usiku wa kwanza nyumbani sikulala. Nilikuwa nammulika na tochi ya simu kifuani, anapumua harakaharaka, alafu anaacha kabisaa, nahesabu moja, mbili, tatu, nne, tano, moyo wangu na wenyewe umesimama, alafu anaendelea kama hakuna kilichotokea. Kumbe wachanga ndo wanavyopumua, kwa mafungu. Ukitaka kujua kama anapumua haraka kweli unahesabu dakika nzima kwa saa akiwa ametulia, usihesabu robo dakika ukazidisha, na ukipata 60 au zaidi unarudia, ikirudi vilevile hiyo ni hospitali. Na kama kifua kinabonyea ndani sana au anaguna kila akitoa pumzi, hapo hata kuhesabu usihesabu, nenda.

Alafu kitovu. Wenye watoto wa kiume mnajua hii hadithi. Kila mtu, kuanzia mama mkwe hadi muuza mkaa wa kona, aliniambia kile kipande kikija kumdondokea sehemu zake za siri basi uanaume wake umeishia hapo. Msicheke, mimi nimefika chuo kikuu na nilikuwa nambadilisha nepi huku nimekishikilia kitovu kwa kidole kama mtu anayezuia bomba lisivuje. Mama mkwe alitaka kupaka masizi na mafuta ya nazi kikauke upesi, hapo nilikataa mana kliniki walituambia sana mambo ya pepopunda, kitovu kiachwe kikavu, wazi, nepi ikunjwe chini yake, bas. Kikitoa usaha au ngozi ya pembeni ikiwa nyekundu imevimba ndo unakimbia. Cha kwangu kilidondoka siku ya saba, na kilipodondokea ni palepale wanapopasema. Sijamwambia mama mkwe hadi leo.

Sasa turudi siku ya tatu, mana siku ya tatu mtoto akawa mpole.

Siku mbili za kwanza alilia kama watoto wote, alafu akatulia. Analala saa tano, saa sita mfululizo. Nikimuweka titini anavuta mara tatu nne, macho yanafumba, titi linamponyoka mdomoni, kalala. Na wageni wanaokuja kumuona kila mmoja anasifia, "mh, huyu katulia jamani, kamhurumia mama yake," "mpole kama babu yake," na mama mkwe anacheka hadi jino la nyuma linaonekana, "mume wangu hana makuu huyu." Na mimi niseme ukweli nilifurahi. Nyuzi zinauma, kukaa siwezi, nimekandwa maji ya moto mpaka ngozi imekuwa nyekundu, mtu kakuambia mtoto kalala utamuamsha ya nini? Kwetu wanasema mtoto aliyelala haamshwi. Nilikuwa nalala na mimi.

Macho yakaanza kuwa na umanjano. Hilo tuliliona wote na hakuna aliyeshtuka, mana ni kweli watoto wengi wanapata manjano kuanzia siku ya pili ya tatu na kwa wengi inapita yenyewe, hapo ndo ilipotudanganya. Mama mkwe akasema tumuanike jua, saa mbili asubuhi kanga inatandikwa nje kwenye korido, mtoto anageuzwa upande huu na huu kama dagaa. Jirani mmoja akasema ni papai nililokula wakati wa mimba, mwingine akasema kweli.

Kitu ambacho hakuna aliyekihesabu ni mkojo. Siku ya tano nilimbadilisha nepi moja asubuhi na nyingine jioni, na ile ya jioni haikuwa imelowa, ilikuwa na kidoa tu, rangi ya tofali la kuchoma. Nilikiona kwa macho yangu nikakunja nepi nikaweka kwenye ndoo. Sikujua kama kile kidoa kinasema mtoto hapati maziwa ya kutosha, maji yamepungua mwilini.

Jioni hiyo ndo alikuja jirani yetu wa nyumba ya nne, nesi mstaafu, mtaa mzima tunamuita Sista. Kaja na kipande cha sabuni na doti ya kanga kama wengine, kasalimia, kampokea mtoto, na yeye peke yake ndo hakumsifia. Akaniuliza, "kanyonya saa ngapi?" Nikasema mchana, saa nane hivi. Ilikuwa saa moja usiku. "Na kabla ya hapo?" Nikawa naangalia dari. Akampiga kidole kwenye unyayo, tap, tap, mtoto akakunja uso akarudi kulala. Akasogea chini ya taa, akambonyeza pua kwa dole gumba, akaachia. Pale alipobonyeza palibaki rangi ya embe dodo lililoiva. Akashuka kifuani, akabonyeza, njano. Tumboni, njano. Kisigino, njano. Akamfungua kiganja, akamchungulia fizi. Baadae aliniambia kwenye ngozi zetu usisubiri uone kwa juu, utachelewa, bonyeza uone, angalia weupe wa macho, fizi, viganja na nyayo, na ikishafika viganjani na kwenye nyayo hiyo si ya kukaa nayo nyumbani hata usiku mmoja.

Akasema, "vaa, tunaondoka sasa hivi." Mama mkwe akaanza, mtoto mchanga hatolewi nje usiku, ndo kwanza magharibi imepita, na mimi nilikuwa nasubiri arobaini itimie, hata tarehe ya kurudi kliniki wiki ya kwanza iliyoandikwa kwenye kadi nilikuwa sina mpango nayo. Sista akamwambia, "Mama, shikamoo yangu nimeshakupa, hili sasa niachie mimi." Tukapanda bajaji watu wanne na mtoto.

Hospitali wakamtoa damu kisiginoni. Manjano ilikuwa juu kiasi kwamba daktari alituonesha kwenye chati, kuna mstari, na nukta ya mwanangu ilikuwa juu ya mstari. Kundi langu la damu ni O, lake A, na ikiwa hivyo wakati mwingine chembe za damu za mtoto zinavunjika haraka, zikivunjika ndo zinatoa ile rangi ya manjano, na rangi ile njia yake kubwa ya kutoka ni choo, sasa mtoto asiyenyonya atapata choo wapi. Alafu akatuuliza swali ambalo sikulitegemea, nguo za mtoto zilihifadhiwa na nini? Mnakumbuka lile begi. Mama mkwe alikuwa ameweka vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali vya kufukuzia mende na nondo. Daktari akasema wapo watoto wamezaliwa na upungufu fulani wa kurithi kwenye damu, na vile vidonge, hata harufu tu kwenye nguo, vinaweza kuwavunjia damu kwa kasi, kwa hiyo zile nguo zote zirudi nyumbani, na siku nyingine nguo kama hizo zisiende mwilini kwa mchanga. Mama mkwe alikaa kwenye benchi akajifunika kanga usoni.

Wakamuweka chini ya taa za bluu, uchi na nepi tu, macho yamefunikwa kitambaa. Siku tatu. Anatolewa kunyonya kila baada ya saa mbili au tatu, awe ameamka asiwe ameamka, na asipovuta nakamua nampa kwa kikombe kidogo. Nilimuuliza daktari na lile jua tulilokuwa tunamuanika je, akasema jua halina kipimo, huwezi kujua amepata kiasi gani, utamchoma au utamkausha maji, na kibaya zaidi utakaa nyumbani ukiamini unamtibu. Manjano ikizidi sana inaingia kwenye ubongo, na inachoharibu humo hakirudi, inaweza kuwa usikivu, inaweza kuwa viungo. Nikamuuliza dalili yake ya mwanzo ni ipi. Akaniambia, "analala sana, analegea, hanyonyi vizuri."

Yaani upole. Kile kitu nyumba nzima ilikuwa inakisifia. Niliingia chooni nikalia.

Nesi wa zamu ya usiku ndo alinifundisha kunyonyesha, mana kumbe nilikuwa nampa mtoto chuchu tupu, ananyonya ncha, mimi naumia, yeye hapati kitu. Akanishika mkono: subiri afungue mdomo mkubwa kama anapiga miayo, alafu mlete yeye kwenye titi, usilipeleke titi kwake, kidevu kiguse titi, mdomo wa chini uwe umebinuka nje, aingize na ile sehemu nyeusi sio chuchu peke yake. Mara ya kwanza aliposhika vizuri nilisikia anameza, gut, gut, sauti ndogo kama ya mtu anakunywa maji gizani. Siku tano nimemnyonyesha na sikuwahi kuisikia ile sauti, na sikujua kama inatakiwa kuwepo.

Tuliporudi nyumbani mama mkwe akafanya kitu ambacho mpaka leo namheshimu nacho. Hakuomba msamaha, wazee hawaombi, alichukua kiberiti. Kila mtoto akikojoa anaweka njiti moja kwenye kingo ya dirisha, akinyonya anaweka njiti mstari wa pili, akipata choo anavunja njiti nusu anaiweka pembeni. Daktari alisema kuanzia siku ya tano mtoto akojoe mara sita au zaidi kwa siku na anyonye mara nane hadi kumi na mbili usiku na mchana, na yule bibi ambaye aliishia darasa la nne aliishika hiyo hesabu kuliko mimi mwenye digrii. Jioni anakaa pale dirishani anahesabu kama mwenye duka anayefunga mahesabu. Saa tisa usiku nasikia mtu ananitikisa mguu, "mwanangu, njiti hazijatosha, amka." Mume wangu akitafuta kiberiti cha kuwashia mshumaa umeme ukikatika hakipati.

Sasa yupo Tanga kwa binti yake, na ndo mana wifi kila akimuuliza kitu anaambiwa "muulize wifi yako, yeye ndo aliyeyaona."

Kwa hiyo namjibu. Wiki hii ni chango. Mtoto anaanza kulia saa kumi na mbili jioni, anakunja miguu, uso mwekundu, mpaka saa tatu, na mchana wote yuko sawa. Kuna mtu keshaleta chupa ya mizizi ya kuchemsha, kuna mwingine asali. Nimemwambia chupa amrudishie mwenyewe kwa adabu zote, miezi sita ya mwanzo ni titi tu, hata maji hapana, na asali hata kidoleni hapana mpaka avuke mwaka, ina vimelea ambavyo tumbo la mchanga haliviwezi. Kile kilio kinapanda mpaka kama wiki ya sita hivi alafu kinashuka, mwezi wa tatu wa nne kinakuwa kimeisha, na dawa yake kubwa ni kupokezana kumbeba, mmoja akichoka ampe mwingine. Kama watu wote wamechoka mlaze kitandani kwa usalama utoke nje dakika tano upumue, hakuna mtoto aliyekufa kwa kulia dakika tano, ila kumtikisa kwa hasira kunaua.

Lakini kilio hicho ni cha mtoto anayenyonya, anayekojoa, mwenye nguvu. Huyo anachosha tu. Ninayemuogopa mimi ni yule asiyedai titi. Na mwenye joto: wifi alinitumia picha mtoto kavishwa kofia la sufu, soksi, na shuka mbili, Tanga, mchana. Nikamwambia mpunguze nguo, subiri kidogo, alafu mpime, na kipimajoto kiwe cha kweli sio mgongo wa mkono wa shangazi. Ikiwa 37.5 au zaidi hapana kumpa panadol ukaona imeshuka ukalala, mchanga wa umri huo homa inaweza kuwa maambukizi kwenye damu, anapelekwa hospitali siku hiyohiyo. Na akiwa wa baridi isiyo ya kawaida hata baada ya kumfunika kifuani kwako, vilevile. Kimeo na meno ya plastiki, yale mambo ya kumkata mtoto kooni na kumchimba fizi, nilimwambia mtu akitaja tu hayo maneno, afunge mlango.

Na yeye mwenyewe pia nilimuuliza tangu wiki ya kwanza, mana watu wote wanauliza habari ya mtoto. Damu imepungua? Kichwa hakiumi sana mpaka macho yanaona giza? Unalala? Akasema analia bila sababu. Mimi nililia wiki mbili, ikapita. Nikamwambia ukiona wiki mbili zimeisha na bado, au unaanza kumchukia mtoto, au unawaza kujidhuru, usinitumie voisi, nipigie, alafu tunaenda kliniki wote hata kama itabidi nipande basi usiku huohuo. Alicheka kidogo. Mimi sikuwa nacheka.

Mwanangu huyu hapa yuko darasa la pili, walimpima masikio mara mbili akiwa mdogo, yako sawa, tena anasikia hata nikifungua pakiti ya biskuti jikoni. Anapiga kelele nyumba haikaliki.

Jana usiku simu ikatetemeka tena, saa tisa na robo. Nikajua ni wifi, kumbe voisi ni ya mama mkwe, ambaye hajui hata kurekodi, sijui nani alimshikia. Mwanzo kimya, alafu mtoto analia kwa mbali, analia haswa, ile ya kukata pumzi na kuanza upya. Alafu mama mkwe, kwa sauti ya chini kama anaogopa kumuamsha mtu, "njiti nane, mwanangu, na hajalala tangu saa saba. Unamsikia huyo? Si mpole huyo."